Nyumba Moja, Mifuko Minne: Safari ya Mchango wa Mhitimu katika Vyama vya Herufi za Kigiriki Marekani

Rafiki yangu mmoja, Mtanzania aliyesoma Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 akabaki huko, alipigiwa simu Novemba mwaka jana na kijana wa miaka ishirini asiyemfahamu. Kijana alimwita ndugu. Alijitambulisha kuwa ni mweka hazina wa tawi la chama ambacho rafiki yangu alijiunga nacho akiwa mwaka wa pili chuoni, akaeleza kwamba paa la nyumba ya tawi linavuja, kisha akaomba dola 500.

Rafiki yangu aliuliza mambo matatu. Nyumba ni ya nani kisheria? Risiti itaandikwa na nani? Na mwakani nikitaka kujua habari za hilo paa, nimpigie nani? Kijana hakuwa na jibu hata moja. Aliahidi kuulizia na kupiga tena. Hakupiga.

"Nilikuwa tayari kutoa," rafiki yangu aliniambia. "Tatizo sikujua ninampa nani."

Wengine wangemwona bahili. Mimi naona aligusa penyewe. Waafrika Mashariki wanaosoma Marekani hujiunga na vyama hivi, na miaka ikipita simu hiyo huwafikia wakiwa na kazi, mkopo wa nyumba na ada za watoto. Nasi huku nyumbani tuna vikundi vya waliosoma shule fulani, vinavyotaka kupaka rangi madarasa au kuchimba kisima, na vingi vinakwama pale pale kijana yule alipokwama. Kwa hiyo nitaeleza mambo haya kwa kirefu kidogo.

Vyama vyenyewe

Chama cha namna hii hujulikana kwa herufi mbili au tatu za Kigiriki. Desturi hiyo ilianzia Chuo cha William & Mary, Virginia, Desemba 1776, wanafunzi walipounda Phi Beta Kappa. Hicho baadaye kiligeuka kuwa chama cha kuwaenzi waliofaulu sana masomoni. Vile vya kuishi pamoja na kufanya urafiki vilianza kushamiri baada ya 1825, mwaka ambao Kappa Alpha Society iliundwa katika Chuo cha Union, mjini Schenectady, jimbo la New York. Vya wavulana ni vyama vya udugu, vya wasichana ni vya udada. Kila chama kina matawi katika vyuo mbalimbali, na tawi lililojaliwa huwa na nyumba: jumba la vyumba ishirini au thelathini, jiko na mpishi, na ukutani picha za wanachama zilizopangwa mwaka kwa mwaka, tangu zile za rangi ya kahawia hadi za juzi.

Si bweni, si klabu, si ukoo, ila ina kitu cha kila kimoja. Na uanachama ni wa maisha. Aliyekula kiapo akiwa na miaka 19 bado ni mwanachama akiwa na 80. Hapo ndipo kijana asiyekujua anapopata ujasiri wa kukuita ndugu.

Mifuko minne

Mhitimu akisema "naichangia nyumba yetu", sentensi hiyo inaweza kuwa na maana nne, na sheria inazitenganisha kabisa.

Upo mfuko wa tawi lenyewe. Huo unashikwa na wanafunzi, unajazwa kwa ada zao za kila muhula, na unalipia sherehe, michezo na safari. Mweka hazina wake kwa kawaida hukaa kwenye cheo mwaka mmoja tu. Kisha kuna kampuni ya nyumba, chombo kilichosajiliwa peke yake, chenye bodi ya wahitimu wanaojitolea. Kampuni hii ndiyo yenye hati ya nyumba. Inapokea kodi ya pango kutoka kwa wanafunzi, inalipa mkopo wa benki, bima, kodi ya majengo na fundi bomba. Wa tatu ni wakfu wa elimu, ambao huwa chini ya makao makuu ya chama, au chini ya chuo, au ni wa tawi lenyewe. Wa mwisho ni makao makuu, yanayopokea ada kwa kila kichwa na kulipatia tawi huduma na jina.

Paa la rafiki yangu lilikuwa mali ya mfuko wa pili. Aliyepiga simu alikuwa wa mfuko wa kwanza. Risiti ambayo mchangaji angeipenda inatolewa na wa tatu.

Tofauti hii inatokana na sheria ya kodi. Marekani huvipanga vyombo visivyo vya faida katika vifungu vya namba. Tawi, na mara nyingi kampuni ya nyumba pia, huangukia kifungu 501(c)(7), ambacho ni cha klabu za starehe na urafiki, kundi moja na klabu za gofu. Klabu haitozwi kodi kwa ada za wanachama wake, lakini anayeipa zawadi hapunguziwi hata senti katika kodi yake ya mapato. Wakfu uko chini ya 501(c)(3), pamoja na makanisa, misikiti, hospitali na vyuo. Huko mchango unaweza kuondolewa katika mapato yanayokadiriwa kodi. Serikali ni kama inasema: ukiwasaidia wenzako waishi vizuri, hiyo ni hiari yako, ukiisaidia elimu, na sisi tutachangia kidogo kwa kukuachia kodi.

Hivyo wakfu hauwezi kulipia kila kitu. Unaweza kutoa ufadhili wa masomo, kugharimia mafunzo ya uongozi, kununua kompyuta, kukarabati maktaba ya nyumba na chumba cha kujisomea. Hauwezi kulipia baa ya ghorofa ya chini, vitanda, jiko, wala paa kama paa, isipokuwa pengine kwa uwiano wa ile sehemu ya jengo inayotumika kwa masomo. Na uwiano huo lazima upigiwe hesabu na kuandikwa, siyo kukadiriwa kwa macho. Vyama hivi vimekuwa vikiisukuma Bungeni sheria ya kuruhusu fedha za hisani zitumike kwenye makazi ya wanafunzi jinsi vyuo vyenyewe vinavyoruhusiwa kwa mabweni yao. Muswada umewasilishwa mara kadhaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Binafsi naona hoja yao ina uzito: kitanda cha mwanafunzi ni kitanda, kiwe kwenye bweni la chuo au ng'ambo ya barabara.

Kwa upande wa akiba napo kuna mtego ambao bodi nyingi za wahitimu huugundua zikiwa zimekwisha kuchelewa. Tangu mageuzi ya kodi ya 1969, klabu za 501(c)(7) hutozwa kodi kwa faida ya uwekezaji wao. Tena mapato yasiyotoka kwa wanachama, yakiwemo ya uwekezaji, hayatakiwi kuzidi asilimia 35 ya mapato yote, la sivyo hadhi yenyewe inatiwa mashakani. Kwa hiyo tawi lililopata bahati ya urithi mkubwa likauweka kwenye akaunti yake, linaweza kujikuta likibanwa na bahati hiyo hiyo. Fedha za kukaa miaka hamsini zina mahali pake, na mahali hapo ni wakfu.

Je, nafuu ya kodi ina uzito gani kwa mtu wa dola 500? Kwa wengi, mdogo. Mageuzi ya mwishoni mwa 2017 yalikaribia kuzidisha mara mbili kiwango cha mapato ambacho kila mlipakodi anaruhusiwa kukiondoa bila kuorodhesha chochote: dola 12,000 kwa mtu mmoja na 24,000 kwa wanandoa mwaka 2018. Takriban walipakodi tisa kati ya kumi huchukua kiwango hicho, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo michango yao midogo haikuwabadilishia hesabu. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 hata hao wanaruhusiwa kuondoa hadi dola 1,000, au 2,000 kwa wanandoa, za fedha taslimu walizotoa kwa mashirika ya hisani yanayokubalika. Ni kitu, ila si kikubwa. Pale nafuu inapokuwa na nguvu kweli ni kwa mwenye hisa zilizopanda thamani, kwa mzee wa miaka 70 na nusu au zaidi anayetaka kutoa moja kwa moja kutoka akaunti yake ya akiba ya uzeeni, na kwa mfanyakazi ambaye mwajiri wake huongeza dola juu ya kila dola anayotoa. Njia zote hizo kwa kawaida zinaelekea 501(c)(3).

Ndiyo maana ushauri wa jumla wa "tuma popote" ni ushauri mbaya. Mchango wa dola 100 wa kuziba paa uende kampuni ya nyumba bila kona nyingi, na mwombaji aseme wazi kwamba hauna nafuu ya kodi. Mchango wa dola 50,000 uanze kwa mazungumzo, na mara nyingi utaishia wakfu, kwa kazi ambayo sheria inaikubali.

Nani apige simu

Turudi kwa kijana wa Novemba. Kosa lake la kwanza halikuwa lake. Alipewa karatasi ya majina na simu, akaambiwa apige. Hakuna aliyemweleza kwamba rafiki yangu hajapata hata barua moja ya habari za tawi tangu 2009. Miaka yote hiyo kimya, kisha neno la kwanza linakuwa pesa.

Watanzania tunaijua michango kuliko tunavyojisifu. Kadi ya mchango wa harusi inakuja na kiwango chake, kamati ina mwenyekiti na mweka hazina, kuna daftari la ahadi, na mtu maalumu wa kukumbushia ahadi. Utaratibu ule unafanya kazi kwa sababu mwaliko unakuja, pilau unaila, bibi harusi unamwona, na unajua yako au ya mwanao ikifika watarudisha. Mhitimu aliye mbali hana pilau. Hatarudi kulala kwenye nyumba ile. Kinachoweza kusimama mahali pa pilau ni habari: nani amejiunga mwaka huu, wastani wa alama za tawi ukoje, yule mpishi mzee bado yupo, mzee gani amefariki, na fedha za mwaka jana zilifanya nini, kwa tarakimu. Matawi yanayochangisha vizuri hutuma habari hizo mara kadhaa kwa mwaka na kuomba mara chache. Yanayochangisha vibaya hufanya kinyume chake.

Na habari hizo haziwezi kutunzwa na wanafunzi peke yao. Tawi ni kama mbio za kupokezana vijiti ambapo kila mkimbiaji hutoka uwanjani baada ya miezi kumi na miwili. Orodha ya wahitimu hubaki kwenye kompyuta ya mtu, mtu anahitimu, orodha inakwenda naye. Anwani zinachakaa, majina ya ndoa hayaingizwi, waliofariki wanaendelea kupigiwa simu, na hapo mjane hupokea simu ya kijana mchangamfu akimuulizia marehemu. Hilo nimelisikia zaidi ya mara moja na linaniuma kila mara. Mtu mmoja mhitimu, hata akiwa mmoja tu, mwenye jukumu la orodha kwa miaka mitano mfululizo, ana thamani kuliko wapiga simu ishirini.

Wanafunzi wana nafasi yao, tena kubwa. Wao ndio wanaopaswa kushukuru. Barua ya mkono kutoka kwa anayelala sasa kwenye chumba namba saba, ikimfikia aliyelala hapo mwaka 1984, hufungua mlango ambao hakuna mhitimu mwenzake angeufungua. Lakini kuomba kiasi kikubwa ni kazi ya rika. Mtu wa miaka 55 husikilizwa na mtu wa miaka 55, hasa kama mwombaji ametangulia kutoa na anaweza kusema ametoa kiasi gani.

Kampeni kubwa

Paa ni jambo dogo. Nyumba ikifikia kuhitaji mfumo mpya wa kuzima moto, nyaya mpya na vyoo vipya, gharama huweza kupanda hadi mamilioni, na hapo tawi huingia katika kampeni yenye utaratibu unaokwenda kinyume na kamati zetu. Sisi hutangaza kwanza, kisha tunakusanya. Wao hukusanya kwanza. Wahitimu ishirini au thelathini hutembelewa mmoja mmoja, kimyakimya, na hawaulizwi watatoa ngapi. Wanaulizwa kama jambo lenyewe lina maana, na nani aongoze. Majibu yakiwa mabaya, kampeni haizaliwi, na hakuna aliyeaibika. Yakiwa mazuri, zawadi kubwa hutafutwa kabla ya tangazo lolote, hadi nusu ya lengo au zaidi iwe imeahidiwa. Tangazo la hadhara huja mwisho, kwa sababu hakuna anayependa kutupa noti ya kwanza kwenye beseni tupu. Harambee za Kenya zilikuwa na mgeni rasmi kwa sababu hiyo hiyo.

Hesabu ya wachangishaji wazoefu inashangaza anayeisikia mara ya kwanza. Ukitaka dola milioni 1 kwa wahitimu 1,000, usifikiri dola 1,000 kila mmoja. Haitakuja hivyo kamwe. Panga zawadi moja ya kati ya 100,000 na 200,000, mbili tatu za nusu yake, kisha zinazofuata zinashuka kama ngazi hadi mamia ya zile ndogo, na tegemea kwamba watu kumi wa kwanza wataleta nusu au zaidi. Ahadi hulipwa kwa miaka mitatu hadi mitano. Dola 5,000 zikigawanywa miaka mitano ni kama 83 kwa mwezi, na mtu aliyekataa ya kwanza huweza kuikubali ya pili. Vyumba, ngazi na ukumbi hupewa majina ya watoaji.

Baadhi ya matawi huajiri washauri. Wa kuaminika hulipwa ada iliyokubaliwa tangu mwanzo. Kanuni za maadili za chama cha kitaaluma cha wachangishaji Marekani zinakataza malipo ya asilimia ya kinachopatikana, kwa sababu anayelipwa kwa asilimia atambana mzee wa watu leo badala ya kumsubiri mwaka mmoja. Mshauri akikuletea mkataba wa asilimia, mshukuru na umsindikize mlangoni.

Walioweka njia nyingine

Yote niliyoeleza yanahusu vyama vyenye majumba. Vyama tisa vya Wamarekani weusi, ambavyo cha kwanza chake ni Alpha Phi Alpha kilichoundwa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, vilikua katika vyuo ambamo wanachama wake mara nyingi hawakuruhusiwa kununua nyumba mtaani, na matawi yao mengi hadi leo hayana majumba. Kwao mhitimu hahami kutoka kwenye uanachama kwenda kwenye orodha ya waombwaji. Anahamia tawi la wahitimu katika mji anaoishi, analipa ada ya mwaka, anahudhuria vikao, na tawi hilo ndilo linalolea tawi la wanafunzi la chuo cha jirani. Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe walikuwa wanachama wa kimoja kati ya hivi, Phi Beta Sigma.

Nguvu ya mpango huo imeonekana mbali. Delta Sigma Theta, chama cha udada kilichoundwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1913, kilisaidia kujenga wodi ya wazazi katika hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick mjini Thika, Kenya. Alpha Phi Alpha ndiyo iliyobeba wazo la kumbukumbu ya mwanachama wake Martin Luther King mjini Washington. Bunge liliidhinisha mwaka 1996, dola milioni 120 zikatafutwa kwa makampuni, wanachama na watu binafsi, na ikazinduliwa rasmi Oktoba 2011. Na Kamala Harris alipoteuliwa kuwa mgombea mwenza mwaka 2020, maelfu ya michango ya dola 19 na senti 8 ilimiminika kwenye kampeni. Chama chake, Alpha Kappa Alpha, kiliundwa mwaka 1908. Ile ilikuwa siasa, haikuwa nyumba ya tawi, lakini kila mweka hazina anapaswa kuitazama namba ile. Mtu aliyeshindwa kuamua kati ya dola 10 na 50 hupewa kiasi chenye maana kwake na kwa wenzake tu.

Hofu ya mtoaji

Kuna swali ambalo wahitimu wengi hawalisemi kwenye simu. Tawi litakuwepo? Februari 2017 mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Chuo Kikuu cha Penn State alikufa baada ya kunyweshwa pombe nyingi na kuanguka kwenye ngazi, usiku wa kuwapokea wanachama wapya katika nyumba ya Beta Theta Pi. Chuo kililifuta tawi lile kabisa. Wazazi wake na wa vijana wengine walipigania sheria, na Desemba 2024 ikasainiwa sheria ya nchi nzima inayovilazimu vyuo kutangaza hadharani visa vya unyanyasaji wa namna hiyo. Sasa mtoaji anaweza kusoma rekodi ya tawi kabla ya kutoa, na nasema asome. Akikuta doa, ana haki ya kuuliza bodi ya wahitimu imefanya nini. Fedha ni sauti ambayo wanafunzi huisikia hata pale mawaidha yalipowashinda.

Tawi likisimamishwa, mara nyingi hukaa nje kama miaka minne, hadi wote waliokuwepo wahitimu, kisha huanzishwa upya kwa watu wapya. Katikati hapo kampuni ya nyumba hulazimika kulipa benki bila wapangaji wake, au kuipangisha nyumba kwa wengine. Kwa hiyo zawadi kubwa iandikiwe masharti tangu mwanzo: ni ya kazi gani, tawi likisimama ikae wapi na kwa muda gani, likifutwa moja kwa moja iende wapi. Bila maandishi, fedha hufuata katiba za vyombo vilivyoipokea, na nyingine huishia makao makuu, jambo ambalo mtoaji wa tawi hakulikusudia.

Rafiki yangu hatimaye alimtafuta mwenyewe mweka hazina wa kampuni ya nyumba, mhandisi aliyemaliza chuo miaka ya 1980. Alijibiwa siku ya pili: hati ni ya kampuni, risiti itatoka kwao na haina nafuu ya kodi, makadirio ya mafundi wawili haya hapa, na ripoti itakuja Aprili. Alituma dola 500 jioni ile ile. Kisha akaandika ombi moja. Kijana aliyempigia Novemba anahitimu Mei hii; aingizwe kwenye kamati ya wahitimu kabla hajahama mji na kubadilisha namba ya simu.